Nondo Aliyetoka Asia

Msomaji, ukipita katika shamba la mahindi machanga ukaona mche ambao jani lake la katikati limenyauka ilhali mengine yangali mabichi, ung'oe uupasue. Yamkini utamkuta funza ndani, amejichimbia njia. Funza wa mabua tunao wa aina kadhaa, na wengi ni wenyeji. Lakini huyu nitakayekusimulia, ambaye wataalamu humwita Chilo partellus, ni mgeni.

Asili yake ni Asia. Alionekana Malawi yapata mwaka wa 1930, na baada ya miaka ishirini hivi alikwisha kufika pwani ya Kenya. Nondo wake hutaga mayai juu ya majani, yakapandana kama magamba ya samaki. Watoto hula majani machanga siku chache, kisha hupekecha bua, na tangu hapo dawa ya kunyunyiza huwapata kwa shida. Wakati wa kiangazi hulala ndani ya mabua makavu, wakingoja mvua. Mkulima akiyachoma huwaua wengi. Lakini mabua hayo ndiyo ua wake, tena ndiyo chakula cha ng'ombe wake. Mimi siwezi kumlaumu akiyaweka.

Huko Asia funza huyu alikuwa na adui, nyigu mwenye urefu wa milimita tatu tu. Mwaka wa 1991 ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ilimleta nyigu huyo kutoka Pakistani, na mwaka wa 1993 akaachiliwa pwani. Jike hujipenyeza katika njia ya funza ili atage mayai mwilini mwake. Ni kazi ya hatari, kwani funza hugeuka akang'ata, na nyigu wengi hufa mumo humo. Lakini afaulupo mara moja, funza yule huliwa na watoto wapatao arobaini.

Miaka ya kwanza nyigu walioonekana walikuwa wachache mno, na mtu wa pupa angalisema kazi imepotea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliongezeka sana, na watafiti wakakadiria kuwa funza yule mgeni amepungua pwani kwa zaidi ya nusu. Hakwisha, wala hilo halikutarajiwa.

Basi ukipasua bua ukakuta vifukofuko vyeupe vimeshikana kama punje za mchele kando ya funza aliyesinyaa, lirudishe shambani taratibu. Baada ya siku chache nyigu watatoka.