Azimio la Musoma na Udahili wa Chuo Kikuu

Azimio la Musoma ni maamuzi ya Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati huo, yaliyopitishwa katika kikao cha Novemba 1974 mjini Musoma, mkoani Mara. Wengi hulikumbuka kwa Elimu ya Msingi kwa Wote, yaani UPE, iliyotaka kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Sehemu yake ya chuo kikuu haizungumzwi sana, ingawa ndiyo iliyoamua upya nani aingie Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nani asubiri.

Wakati huo nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam. Kilianza 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na 1970 kikawa chuo kikuu kamili, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Pius Msekwa. Chama hakikuwaamini sana vijana wa chuo hicho. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na Rais Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Miaka minane baadaye, Musoma ilileta dawa: kwanza kazi, kisha digrii.

Baada ya azimio, aliyemaliza kidato cha sita alipitia JKT, akafanya kazi miaka miwili, ndipo aombe nafasi. Cheti peke yake hakikutosha. Mwajiri alitakiwa kumwelezea, wafanyakazi wenzake wamkubali, na tawi la TANU litoe neno juu ya mwenendo wake. Kwa karani, bwana shamba au mwalimu wa Buhemba, katika wilaya ya leo ya Butiama, hiyo ilikuwa habari njema: miaka ya kazi, ambayo zamani ilimweka mbali na chuo, sasa ilihesabika kuwa sifa. Watu wazima wenye familia na uzoefu wakaketi na kusoma nadharia za kazi walizokwisha kuzifanya. Bila shaka, mtu aliyekosana na viongozi wa tawi lake alikuwa na la kuhofia.

Wanawake ndio walioumia. Sharti lilikuwa moja kwa wote, lakini miaka ile ya kusubiri haikuwa na uzito mmoja. Msichana aliyeanza kazi alikuta posa mlangoni, kisha ujauzito, kisha mtoto wa kulea. Mwanaume wa umri wake aliweza kuoa, akapata watoto na bado akafunga safari ya Dar es Salaam. Idadi ya wanawake waliodahiliwa ikashuka, na 1976 serikali ikalegeza kamba: wakaruhusiwa kuingia chuoni moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Wanaume waliendelea kusubiri hadi miaka ya 1980, sharti lenyewe lilipoachwa. Kwa viongozi waliopenda usawa wa kupimwa kwa kipimo kimoja, kukubali jambo hilo ndani ya miaka miwili si haba.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mlimani ilirudi kwenye swali hilo kwa njia nyingine. Wasichana waliokaribia alama za kuingia kusoma sayansi waliitwa mapema kwa mafunzo ya maandalizi, na waliofaulu mtihani wake wakadahiliwa. Makerere ya Uganda ilikuwa imeanza 1990 kumwongezea kila msichana mwombaji alama 1.5. Malumbano ya kwamba waliopita njia hizo "wamebebwa" hayajaisha katika mabweni ya vyuo vyote viwili.

Upande wa walimu wanawake wa chuo kikuu mambo yalikwenda polepole zaidi, kwa kuwa mhadhiri hupatikana baada ya miaka mingi ya shahada juu ya shahada. Penina Muhando Mlama, mwandishi wa tamthilia, alifika uprofesa wa sanaa za maonyesho Mlimani, kisha akaongoza FAWE, jumuiya ya Afrika inayopigania elimu ya wasichana.

Mlango wa watu wazima nao ulipata mrithi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, hufundisha kwa masafa na kina kituo mkoani Mara. Mwalimu wa Buhemba anaweza kusoma shahada bila kuacha darasa lake wala kuomba ridhaa ya tawi la chama. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, iliongeza kigezo ambacho Musoma haikukigusa: uwezo wa mzazi kulipa.

Mkoa uliozaa azimio umepata chuo kikuu chake cha umma, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kilichopangiwa makao Butiama, alikozaliwa Nyerere.