Kodi ya Anfield

John Houlding alikuwa na kiwanda cha bia, kiti katika siasa za chama cha Conservative, na ardhi. Huko Everton, kaskazini mwa jiji la Liverpool, watu walimpachika jina la Mfalme John. Mwaka 1884 aliisaidia klabu ya mtaa wake, Everton, iliyokuwa imeanzishwa miaka 6 nyuma na vijana wa kanisa la Kimethodisti la St Domingo, kupata kiwanja katika barabara ya Anfield. Mwaka uliofuata akakinunua kiwanja chenyewe, na klabu ikawa mpangaji wake. Wachezaji walivalia jezi zao katika hoteli yake iitwayo Sandon, viongozi walikutana humohumo, na watazamaji wenye kiu walikunywa bia ya Houlding.

Biashara ilikwenda vizuri kwa pande zote. Everton ilikuwa miongoni mwa klabu 12 zilizoanzisha Ligi ya Uingereza mwaka 1888, na mwaka 1891 ikatwaa ubingwa. Kiingilio cha chini kilichowekwa na Ligi kilikuwa peni 6, fedha ambayo fundi au kuli wa bandarini angeweza kuitenga Jumamosi mchana baada ya kupokea ujira wa wiki. Peni hizo ndizo zilizolipa mishahara, nauli za treni na kodi ya kiwanja. Watu walipoongezeka mlangoni, Houlding naye akaongeza kodi. Ilianza pauni 100 kwa mwaka. Ndani ya miaka michache ilikaribia 250.

Wanachama walinung'unika. Kiongozi wao alikuwa George Mahon, mpiga kinanda wa kanisa la St Domingo, na kanisa lile halikupenda pombe, kwa hiyo ugomvi wa kodi ukachanganyika na ugomvi wa bia. Houlding alipendekeza klabu igeuzwe kampuni itakayonunua ardhi yake kwa bei aliyoitaka yeye. Mwanzoni mwa 1892 wanachama walikataa. Walivuka bustani ya Stanley Park, mwendo wa dakika chache kwa miguu, wakajenga uwanja mpya wa Goodison Park. Waliondoka na jina, na wachezaji karibu wote, na lililo kubwa zaidi, wakaondoka na watazamaji.

Houlding akabaki na nyasi, uzio na majukwaa matupu. Mpangaji alikuwa amehama, na kiwanja kisicho na watu hakimlipi mwenye kiwanja hata senti. Machi 1892 aliunda klabu nyingine ya kujaza nafasi, akaiita Liverpool. Mechi yake ya kwanza, Septemba 1 dhidi ya Rotherham Town, iliisha kwa ushindi wa 7-1 mbele ya kikundi kidogo cha watu, kwa sababu umati wa mtaa ule ulikuwa umeshahamia upande wa pili wa bustani. Hao ndio Majogoo wa Anfield tunaowafahamu: klabu iliyozaliwa kwa sababu wanachama wa Everton waligoma kulipa zaidi.

Kwa miaka karibu 90 baada ya hapo uhusiano wa mwenye klabu na mnunuzi wa tiketi haukubadilika sana. Fedha ya klabu ilitoka mlangoni. Chama cha Soka cha Uingereza kiliweka kikomo cha gawio ambalo wenye hisa wangeweza kujilipa, mwanzoni asilimia 5, na kikawazuia wakurugenzi kupokea mshahara. Matajiri walioingia kwenye mpira walikuwa wenyeji, wauza nyama, wajenzi na wafanyabiashara, waliotafuta sifa zaidi ya faida, na waliokutana na mashabiki wao barabarani siku ya Jumatatu. Nisieleweke vibaya: wengi wao walikuwa wabahili, na vyoo vya viwanja vyao vilikuwa aibu. Lakini bei ilibaki ile ambayo mfanyakazi aliimudu. Mwaka 1906 Liverpool walijenga kilima cha kusimamia nyuma ya goli, kikapewa jina la Spion Kop, mlima wa Afrika Kusini ambako wanajeshi wengi wa Uingereza waliuawa mwaka 1900 katika vita dhidi ya Makaburu. Maelfu kwa maelfu walisongamana pale, wakaimba. Bill Shankly, kocha wa tangu 1959 hadi 1974, alisema waziwazi kwamba klabu ni wachezaji, kocha na mashabiki. Wakurugenzi kazi yao kutia saini hundi.

Aprili 15, 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa nyuma ya uzio wa chuma. Idadi ya waliokufa, ikijumlishwa na walioaga dunia baadaye kwa majeraha ya siku ile, ni 97. Ripoti ya mwisho ya Jaji Taylor, Januari 1990, ilielekeza kwamba klabu kubwa ziondoe majukwaa ya kusimama na kuweka viti. Taylor aliona mbele: alionya kwamba viti visigeuzwe kisingizio cha kupandisha bei, akatoa mfano wa Ibrox, Glasgow, ambako kukaa kulikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Kuhusu viti alisikilizwa haraka. Kuhusu bei hakusikilizwa kabisa. Aprili 30, 1994 mashabiki walisimama Kop kwa mara ya mwisho, Liverpool wakafungwa 1-0 na Norwich, kisha wajenzi wakaingia. Wakati huo Ligi Kuu ilikuwa na umri wa miaka 2, fedha za televisheni ya Sky zilikuwa zimeanza kumiminika, na ile kanuni ya gawio dogo ilikuwa imekwishapata njia ya panya tangu Tottenham walipopeleka hisa zao sokoni mwaka 1983.

Ndipo wakaja wanunuzi wa mbali. Februari 6, 2007 Wamarekani wawili, Tom Hicks na George Gillett, waliinunua Liverpool kwa karibu pauni milioni 219 ukijumlisha na madeni yake. Gillett aliahidi kwamba ujenzi wa uwanja mpya Stanley Park ungeanza ndani ya siku 60. Haukuanza kamwe. Kilichoanza ni riba: fedha ya kununulia ilikuwa ya mkopo, na mzigo wake ukatua juu ya klabu. Sasa shabiki aliyelipia kiti alijua kwamba sehemu ya nauli yake ya furaha inakwenda benki kulipia ununuzi ambao hakuulizwa.

Januari 31, 2008 mamia ya mashabiki walikutana kupanga la kufanya. Walikutania Sandon, baa ileile ya Houlding, na pale wakaanzisha chama walichokiita Spirit of Shankly, kilichojieleza kama chama cha wafanyakazi, ila wanachama wake ni watazamaji. Waliandamana, wakazimiminia benki na kampuni za uwekezaji barua pepe zikizisihi zisiwakopeshe tena wawili wale. Oktoba 15, 2010, baada ya vuta nikuvute katika Mahakama Kuu jijini London, klabu iliuzwa kwa pauni milioni 300 kwa kampuni ya John W. Henry, mmiliki wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox. Ukweli lazima usemwe: aliyewang'oa Hicks na Gillett ni benki ya Royal Bank of Scotland, iliyotaka deni lake. Mashabiki walifanya kiti kiwe cha moto, basi. Walichovuna ni chama chenye orodha ya wanachama, viongozi na uzoefu, na hicho kilikuja kufaa.

Februari 2015 kampuni za televisheni za Sky na BT zilikubali kulipa zaidi ya pauni bilioni 5 kwa misimu 3 ya Ligi Kuu ndani ya Uingereza peke yake, kuanzia 2016. Mtu yeyote mwenye akili timamu angedhani bei za tiketi zingeshuka, au angalau zingetulia. Mwanzoni mwa Februari 2016 Liverpool walitangaza bei za msimu ujao, Jukwaa Kuu likiwa linapanuliwa. Tiketi ghali zaidi ya mechi moja ingetoka pauni 59 hadi 77. Tiketi ya msimu ingevuka pauni 1,000 kwa mara ya kwanza. Klabu ilijitetea kwamba viti vya pauni 77 ni vichache, kwamba wengi hawataongezewa kitu, na kwamba kutakuwa na tiketi za pauni 9. Kwa hesabu, utetezi huo haukuwa wa uongo. Lakini mashabiki waliisoma ile 77 kama ishara ya safari inakoelekea, na mimi nadhani waliisoma sawasawa.

Jumamosi Februari 6, miaka 9 kamili tangu siku ya Hicks na Gillett, Sunderland walikuja Anfield. Spirit of Shankly na kundi la mashabiki la Spion Kop 1906 walikuwa wamekwisha kupeana neno: dakika ya 77, tunatoka. Kocha Jürgen Klopp hakuwapo, alikuwa anauguza kidole tumbo. Roberto Firmino alifunga dakika ya 59, Adam Lallana akaongeza dakika ya 70. Timu inaongoza 2-0 nyumbani, hakuna hali nzuri zaidi ya kumfanya mtu aahirishe mgomo. Saa ilipogonga 77, viti vilianza kupiga kelele za kukunjwa. Watu kama elfu 10, katika uwanja wenye zaidi ya 40,000, walishuka ngazi huku wakiwazomea wamiliki kwa uroho wao. Jamie Carragher, beki aliyevaa jezi ya klabu hiyo zaidi ya mara 700, alitoka nao. Kamera za televisheni zilionyesha mabaka mekundu ya viti vitupu yakipanuka ndani ya Kop.

Uwanjani, timu iliyokuwa imetulia ikapoteza mhimili. Dakika ya 82 Adam Johnson alifunga kwa mpira wa adhabu. Dakika ya 89 Jermain Defoe akasawazisha. Matokeo 2-2. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba waliotoka ndio walioipoteza mechi, ila nani angewauzia hadithi nyingine wamiliki waliokuwa Boston?

Siku 4 baadaye, Februari 10, Henry na wenzake Tom Werner na Mike Gordon waliandika barua ya wazi kuomba radhi. Bei ya juu ilirudishwa pauni 59 na kufungiwa hapo kwa misimu 2; tiketi za pauni 9 zilibaki. Katika miaka 124 ya klabu hiyo haikuwahi kutokea umati wa namna hiyo utoke mechi ikiendelea, na ilitosha mara moja. Mwezi uliofuata klabu zote 20 za Ligi Kuu zilikubaliana kwamba shabiki mgeni asitozwe zaidi ya pauni 30, jambo ambalo mashabiki wa timu mbalimbali walikuwa wamelidai kwa miaka. Mwaka 2013, kwa mfano, Manchester City walirudisha mamia ya tiketi za Arsenal zilizouzwa pauni 62.

Kinachoshangaza ni kwamba haya yalitokea wakati ambapo fedha ya mlangoni imepungua uzito. Katika hesabu za msimu wa 2023/24 Liverpool waliingiza pauni milioni 614. Siku za mechi zilileta 102 tu. Matangazo ya televisheni yalileta 204, na udhamini na biashara 308. Sehemu ya fedha hizo za televisheni inaanzia kwetu, katika ving'amuzi vya Dar es Salaam na Mombasa na katika kibanda umiza ambako kijana hulipa kiingilio chake na kukaa kwenye benchi la mbao. Huyo hana mkutano wa kuitisha wala kiti cha kukiacha wazi mbele ya kamera.

Ila anachokinunua yeye pia ni ule umati. Hili lilidhihirika mwaka 2020, korona ilipofunga milango na televisheni zikalazimika kupachika kelele za mashabiki zilizorekodiwa ili mechi zisikike kama mechi. Mlango ulikuwa ungali umefungwa Aprili 18, 2021, Jumapili usiku, klabu 12 zikiwamo 6 za Uingereza zilipotangaza ligi yao ya kujitenga, Super League. Liverpool ilikuwamo. Hakukuwa na tiketi ya kuisusia. Mashabiki wakaondoa bendera zao Kop, wenzao wa Chelsea wakafunga barabara nje ya Stamford Bridge, na kufikia usiku wa Jumanne klabu zote 6 za Uingereza zilikuwa zimejitoa. Asubuhi yake Henry alijirekodi video akiomba radhi, mara ya pili katika miaka 5. Safari hii mashabiki hawakuridhika na maneno: mazungumzo ya Spirit of Shankly na klabu yalizaa Bodi ya Mashabiki iliyoingizwa katika katiba ya klabu. Serikali nayo iliagiza uchunguzi ulioongozwa na mbunge Tracey Crouch, na mwisho wake ni sheria ya Julai 2025 iliyounda mdhibiti huru wa soka la Uingereza.

Bodi haikumaliza ubishi wa bei. Mwaka 2024 klabu ilitangaza ongezeko la asilimia 2. Aprili 11, Atalanta walipokuja kwa robo fainali ya Europa League, Kop ilikuwa haina bendera hata moja. Liverpool wakafungwa 3-0. Ongezeko lilibaki palepale. Kwa msimu wa 2025/26 bei zilisimamishwa, na tiketi ghali ya kawaida, miaka 9 baada ya mgomo, ilikuwa bado chini sana ya pauni 77.