Kubana, kukandamiza au kukondesha?

Simama ufukweni Kalundu, hapa Uvira, boti zikirudi na samaki, upige video ya dakika moja kwa simu ya kawaida. Ukifungua maelezo ya faili utakuta imekula karibu megabaiti 130. Mtumie ndugu yako wa Bujumbura kwa WhatsApp: atapokea faili isiyofika hata 16, na nyuso za wavuvi zimeingia ukungu. Atakuandikia, "Yaya, kamera yako imekufa?" Kamera ni nzima. Kilichotokea njiani Wafaransa hukiita compression, na fundi wa simu wa hapa atakitaja kwa Kifaransa hicho hicho, akitia ku- mbele kikawa kitenzi chake. Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili, na naona tunayatumia ovyo.

Tuanze na lililo baya zaidi. Wako wanaoandika "ukandamizaji wa video". Mwambie mtu wa Kivu kwamba video yako imekandamizwa, atataka kujua nani ameikandamiza na kwa amri ya nani. Neno hilo siasa imeshalichukua, na hairudishi. Mgandamizo nao una wenyewe, yaani watabiri wa hali ya hewa na walimu wa fizikia. Limebaki kubana, ambalo watumiaji wengi wamelizoea: faili ya zip ni faili iliyobanwa. Nalipenda kwa sababu ya sarufi yake. Funga ina fungua, kunja ina kunjua, bana ina banua. Kitabu cha kurasa mia ukikibana kwa zip kisha ukakibanua, herufi zote zinarudi, hata nukta ya mwisho.

Video ya simu haibanuki.

Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini. Picha moja ya ukubwa wa 1920 kwa 1080 ina vitone zaidi ya milioni 2, kila kitone kinahitaji baiti 3 za rangi, na kila sekunde zinapita picha 30. Hizo ni megabaiti 187 kwa sekunde, zaidi ya gigabaiti 11 kwa dakika. Harusi moja ingejaza simu kabla bibi arusi hajashuka garini. Kwa hiyo simu inapunguza huku unapiga, na zile megabaiti 130 za Kalundu tayari ni mabaki: kati ya kila baiti 85 au zaidi, imebaki moja.

Kazi hiyo simu nyingi huifanya kwa kanuni ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003. Picha inakatwa vipande vya mraba, vitone 16 kwa 16, kisha kila kipande kinapitishwa kwenye hesabu yenye asili yake katika makala ya Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao ya mwaka 1974. Hesabu hiyo inatenganisha umbo kubwa na chembechembe ndogo ambazo jicho halizitilii maanani, na chembechembe zinaachwa. Halafu inakuja hila kubwa zaidi: kisichosogea hakiandikwi upya. Programu inaandika tu kwamba kipande hiki ni kama cha picha iliyopita, au ni kile kile kimesogea kidogo kushoto.

Ndiyo maana ukuta wa kanisa unafika salama na ziwa linaharibika. Asubuhi, jua likitoka upande wa Burundi na kumetameta juu ya Tanganyika, hakuna kipande kinachofanana na cha picha iliyotangulia. Programu haina cha kunakili, na posho yake ya baiti ni ile ile. Inaanza kurahisisha, na maji yanageuka vigae. Mvua ni hivyo hivyo, na mafuriko ni zaidi. Mto Mulongwe ulipovunja kingo zake Aprili 2020, ukaua makumi ya watu na kubeba nyumba, waliopiga video walikuwa na tope linalokimbia, mvua na mkono unaotetemeka. Kwa mashine hakuna mchanganyiko mgumu kuliko huo.

Kilichoachwa hakirudi. Ndagala akishaanikwa amekuwa mwepesi wa kusafirisha, lakini umloweke usiku kucha, hatakuwa yule wa alfajiri. Kwa hiyo napendekeza kubana libaki kwa faili zinazobanuka, na kwa video, picha na muziki tuseme kukondesha. Video imekondeshwa, imekonda. Hakuna "kukondua", na hilo ndilo ninalolitaka.

Watu wengi wanadhani video inakonda kila inaposambazwa. Si kweli. Ukiisambaza ndani ya WhatsApp kwa ule mshale, inayokwenda ni nakala ile ile. Inakonda mtu anapoitia kwenye CapCut kufanya montaji, akaweka maandishi na muziki, akaitoa upya, akaipandisha Facebook, na mwingine akairekodi kutoka kwenye kioo cha simu yake. Kila kituo kinaikondesha upya. Montaji ifanywe kwa faili ya kwanza, mara moja. Kuituma, iambatanishe kama hati: tangu 2022 WhatsApp inapokea hati hadi gigabaiti 2, na haiigusi. Kitufe cha HD kilichokuja Agosti 2023 kinapunguza tu ukali wa mkondesho. Kama mega zimeisha na mwenzako yuko jirani, programu ya Xender au memori kadi inahamisha kila baiti bila senti.

Kwa harusi, kukonda ni hasara ndogo; kwa ushahidi, ni kubwa. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwatia hatiani makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kwa mashambulizi ya mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, wilayani Kalehe, na sehemu ya ushahidi ilikuwa picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness to Atrocities. Programu hiyo inatunza faili ya awali pamoja na saa, mahali na alama ya kuthibitisha kwamba haikuguswa. Picha inayopita WhatsApp kwa njia ya kawaida inavuliwa saa na mahali ilipopigwa.

Sasa kuna programu zinazoahidi kuirudishia video iliyokonda ung'avu wake. Hizo tuziite za kunenepesha. Nyusi na meno zinayoyaongeza usoni kamera haikuyaona, mashine imeyakisia kutoka kwenye nyuso za watu wengine. Ukiletewa video ya aina hiyo, uliza faili ya kwanza iko kwenye simu ya nani.