Redio iliyojua kunyamaza

Leo naomba tuweke kando mambo ya programu na seva, tuzungumze historia kidogo. Wiki jana nilipigiwa simu na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo, na maneno yake yamenikosesha usingizi.

"Mwanangu," akaniambia, "ile programu yako ya hesabu bado unayo? Tungependa kuijaribu tena. Lakini safari hii tukae chini kwanza."

Hapo kwenye "kukaa chini kwanza" ndipo paliponichoma. Mwaka 2017 niliandika programu ya kufundishia hesabu za darasa la tatu. Nilikesha miezi mitatu, nikaitia rangi na milio, nikaipeleka shuleni kwake kwenye tarakilishi nane kuukuu. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya sitini, na kipindi ni dakika 30. Kufikia wakati mashine zote zimewaka na watoto wamekaa, nusu ya kipindi imekwisha. Mbaya zaidi, watoto waligundua siri ndani ya siku moja: bonyeza kila jibu mpaka moja ligeuke kijani. Mwalimu aliona mapema. "Hawahesabu hawa, wanabahatisha," akaniambia. Nikaahidi kurekebisha. Sikurudi.

Baada ya simu ile nikaanza kusoma kuhusu wale waliotutangulia, na nimejifunza kwamba kosa langu lina umri mkubwa kunishinda. Mwaka 1913 Thomas Edison alitabiri kwamba vitabu vitapitwa na wakati shuleni, kwa kuwa filamu zingefundisha kila kitu. Zaidi ya miaka 100 imepita na vitabu bado vipo.

Sasa sikilizeni kisa hiki, ambacho wengi wetu katika fani hii hatukijui. Miaka ya 1960, Patrick Suppes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuwa wakifundisha watoto hesabu kwa kompyuta. Walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kufanya hivyo. Mtu angetarajia kwamba walipoombwa kusaidia nchi maskini, wangebeba kompyuta zao. Hawakufanya hivyo. Kuanzia mwaka 1974 kundi hilo lilifanya kazi Nicaragua, na chombo walichochagua ni redio. Redio ilikuwa rahisi, ilitumia betri, na ilifika kule ambako umeme haukufika.

Lakini si redio ya kusikiliza tu huku watoto wakisinzia. Sauti iliuliza swali, kisha ikanyamaza kwa sekunde chache. Katika ukimya ule darasa zima lilijibu kwa sauti, au liliandika. Kisha redio ikatoa jibu sahihi, na mtoto akajua papo hapo kama amepata au amekosa. Mwalimu alikuwa pale pale, akizunguka kati ya madawati. Na vipindi havikuandikwa ofisini vikaachwa hivyo hivyo. Watu walikaa madarasani wakiangalia watoto wanakwama wapi, wanafunzi wakapewa majaribio, na vipindi vikaandikwa upya. Sisi waandishi wa programu leo tunajisifu kwamba tunajaribu kazi zetu na watumiaji. Wenzetu walifanya hivyo kwa redio ya betri, nusu karne iliyopita.

Kisha kisa kikaja nyumbani. Kati ya mwaka 1980 na 1985, mradi wa aina hiyo uliendeshwa hapa Kenya kwa ushirikiano na Taasisi ya Elimu ya Kenya, ile ambayo leo inaitwa KICD. Somo lilikuwa Kiingereza, kwa madarasa ya kwanza hadi la tatu, nusu saa kila siku ya shule. Watoto waliofundishwa kwa redio walifanya vizuri kuliko wenzao, hasa katika kusikia na kuelewa. Hata hivyo haukuenezwa nchini kote ukawa njia ya kawaida ya kufundishia. Waliokuja kufaidi zaidi ni majirani wa mbali: Lesotho na Afrika Kusini walivichukua vipindi vyetu wakavirekebisha kwa watoto wao. Mtungi tuliufinyanga sisi, maji wakanywa wengine.

Ikaja zamu ya vipakatalishi. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto. Bei ile haikufikiwa kamwe. Mashine zilipotoka ziligharimu karibu mara mbili. Peru ilinunua mamia ya maelfu. Mwaka 2012 ulitolewa utafiti uliofanywa katika shule 319 za huko: watoto walijua zaidi kutumia kompyuta, lakini alama zao za hesabu na lugha hazikupanda. Mimi sikushangaa. Mashine iligawiwa kabla ya mtu kuuliza mwalimu ataifanyia nini Jumatatu asubuhi.

Sisi nasi tukaahidiwa wakati wa uchaguzi wa mwaka 2013: kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikafutwa mwaka 2014. Mwaka 2016 vikaanza kusambazwa vishikwambi badala yake, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vikafika shuleni. Tusiwe watu wa kubeza tu: kwa ajili ya mradi ule maelfu ya shule ziliunganishiwa umeme, na taa ile haikuwa jambo dogo. Lakini nimeingia shule ambako vishikwambi vilikuwa kabatini, na ufunguo mfukoni mwa mwalimu mkuu. Sikumlaumu. Kikipotea kimoja, ni yeye atakayeulizwa.

Na Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, ni nini kilichowafikia watoto wa vijijini? Masomo ya redio kupitia KBC, pamoja na runinga kwa waliokuwa nayo. Chombo kilekile tulichokiona cha kizamani.

Sisemi turudi kwenye redio tuzike tarakilishi. Mimi mwenyewe nala kwa jasho la tarakilishi. Ninachosema ni kwamba wale watu wa redio walianza na swali ambalo mimi sikuliuliza mwaka 2017: mtoto atafanya nini baada ya kuulizwa? Wao walimwachia nafasi ya kufikiri, wakaipima kwa sekunde. Programu yangu haikumwachia nafasi hata kidogo. Ilimtuza kwa kubonyeza haraka. Mwalimu alikuwa ameshaniambia kasoro iko wapi, tena bure, nami nikamchukulia kama mtu asiyejua kompyuta. Kumbe asiyejua darasa ni mimi.

Basi nimempigia mwalimu. Nikamwomba radhi kwanza, kisha nikamwuliza kama naweza kuja bila tarakilishi, nikae dawati la nyuma wiki nzima na daftari tu. Alicheka sana.

"Njoo," akasema. "Lakini ukikaa nyuma hutaona kitu. Watoto wanaokwama huwa wanajificha katikati."

Hilo ndilo sharti langu la kwanza la programu mpya, na sikulipata kwenye kitabu chochote. Jumatatu naanza. Na wewe msomaji, kama umewahi kupeleka kifaa shuleni, jiulize kwa ukweli: ulimsikiliza nani kabla ya kukiwasha?