Neno Lililokosa Mwenzake: Safari ya «Trust» kutoka Uingereza hadi Italia

Mfasiri wa hadithi akikosea neno, msomaji huenda akacheka. Mfasiri wa sheria akikosea, mtu hupoteza mali yake. Jambo hilo ladhihirika katika historia ya neno moja la Kiingereza, «trust», na taabu lililowapa wafasiri wa Kiitaliano.

Chimbuko lake ni Uingereza ya Zama za Kati. Mwenye ardhi aliweza kumkabidhi rafiki yake shamba, kwa sharti la kulitunza kwa faida ya mjane na watoto. Mahakama za kawaida zilimtambua rafiki huyo peke yake kuwa mwenye ardhi; ikawa kazi ya Chansela wa mfalme kumlazimisha atimize ahadi. Hivyo mali moja ikapata wenyewe wawili: mmoja kwa hati, mwingine kwa manufaa.

Italia, iliyorithi sheria ya Kirumi, haikuujua mgawanyo huo. Kifungu cha 832 cha Codice civile ya mwaka 1942 champa mwenye mali haki kamili isiyo na mshirika. Na kwa kifungu cha 2740, mdaiwa huwajibika kwa mali yake yote. Basi mfasiri akiandika «fiducia», neno la kawaida lenye maana ya imani, mwanasheria huelewa kwamba aliyekabidhiwa amekuwa mwenye mali hasa. Akifilisika, wadai wake huinyakua, na yatima hubaki mikono mitupu. Akichagua «fedecommesso», neno la kale, huangukia kifungu cha 692, kinachoruhusu jambo hilo katika mipaka finyu tu.

Njia ilipatikana The Hague. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1985, ulioandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, uliliacha neno «trust» lilivyo hata katika matini ya Kifaransa, kisha ukalieleza: mali iliyokabidhiwa ni fungu la pekee, wala si sehemu ya mali ya mtunzaji. Italia iliuridhia kwa Sheria namba 364 ya tarehe 16 Oktoba 1989, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1992. Tangu hapo wanasheria wa Italia husema «il trust». Jina limeazimwa, maelezo ndiyo yaliyotafsiriwa.

Wafasiri wa Kiswahili nao wana funzo hapa. Nchini Tanzania, «wadhamini» hushika mali ya jumuiya. Lakini «mdhamini» ni pia yule aahidiye kulipa deni la mwenziwe. Mkongomani aliyefundishwa sheria yenye asili ya Ubelgiji aweza kuikimbilia maana hii ya pili, na kumtwika mtunzaji deni lisilo lake. Kabla ya kulipa jambo jina, hapana budi kwanza kulifafanua.