Tabora: njia moja, safari mbili

Majuzi nilikuwa nyumbani Tabora. Jioni moja natoka stesheni na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Nikabaki nyuma kununua karanga, yeye akatangulia. Vijana wa kijiweni wakaanza: miluzi, “mrembo, mbona unaringa?” Akavuka barabara. Nilipomfikia, mmoja wao akaniita: “Samahani kaka, hatukujua yuko na wewe.”

Nikajibu, “Poa tu.”

Nikawauliza kwani wanamtakia nini. “Ni salamu tu, mwanamke akisifiwa anafurahi.” Dada akanijibu njiani: “Salamu unaijibu ukitaka. Hii usipoijibu, unatukanwa.”

Usiku ule nikaifikiria historia ya mji wetu. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, uliitwa Kazeh, njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Sisi wanaume tunaipenda hadithi hiyo. Kijana wa Kinyamwezi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani alirudi akihesabiwa mwanamume kamili; asiyekwenda alichekwa.

Lakini wanawake nao walitembea njia hiyohiyo. Wake za wapagazi walibeba vyungu na watoto mgongoni, na wakifika kambini wakapika. Wengine walipita wakiwa watumwa. Mwanamke asiye na mume wala ndugu wa kumtetea aliweza kukamatwa na kuuzwa, ndiyo maana wengine walijishikiza kwa mwanamume yeyote mwenye nguvu. Kwa mwanamume, njia ile ilikuwa sifa. Kwa mwanamke, swali la kwanza lilikuwa: huyu ni wa nani?

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 nayo ikasema kwamba hata maneno yanaweza kuwa unyanyasaji. Ila swali lile bado liko kijiweni. Simaanishi mluzi ni sawa na mnyororo, la hasha. Nasema tu kwamba wale vijana hawakuona kosa mpaka walipoona mwanamume.

Na mimi je? Samahani ile nililetewa mimi, nikaipokea, nikaisamehe kwa niaba ya mtu aliyekuwa amesimama pembeni yangu. Hakuna aliyemuuliza yeye.

Kaka zangu mnaosoma, tuanzie hapo.