Elimu ya uzazi si ya daktari peke yake

Huku kwetu Pwani ndoa ikikaa miaka bila mtoto, anayenyooshewa kidole ni mke. Ataitwa tasa, atazungushwa kwa waganga, na pengine ataletewa mke mwenza. Mume hapimwi. Ilhali Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo hili maishani, na chanzo chaweza kuwa kwa mume, kwa mke au kwa wote wawili.

Tatizo la watu wawili halitatuliwi na fani moja. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Waliofanikisha kazi hiyo walikuwa watatu: Robert Edwards, mwanasayansi, Patrick Steptoe, daktari mpasuaji wa wanawake, na Jean Purdy, muuguzi aliyejifunza kazi ya maabara akawa mtaalamu wa viinitete. Edwards alipotunukiwa Nobeli mwaka 2010, wenzake walikuwa wameshafariki.

Mgawanyo huo upo hadi leo. Daktari hutoa mayai. Mtaalamu wa maabara huyakutanisha na mbegu za kiume, kisha hulea viinitete kwenye joto la nyuzi 37 kwa siku 3 hadi 5 kabla ya kimoja kurudishwa tumboni. Muuguzi huwaeleza na kuwaliwaza wanandoa. Ridhaa yao nayo ni suala la kisheria. Wakisoma kila mtu kivyake, watakutana kazini wakiwa wageni.

Kwetu Waislamu, wanazuoni nao wana nafasi. Mufti Mkuu wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980 akiruhusu njia hii, madhali yai na mbegu ni za mke na mume walio ndani ya ndoa, bila mtu wa tatu. Basi mwanafunzi anayebandika jina kwenye kichupa amebeba amana ya nasaba.

Nawaomba wakuu wa vyuo vyetu wawaketishe pamoja wanafunzi wa udaktari, uuguzi, maabara, sheria na dini, wajadili kisa kimoja. Nawe msomaji, kabla hujamlaumu mkeo, nenda kapimwe mbegu. Kipimo hicho hakihitaji kisu wala sindano.